Mti Ukifa Bustanini, Uchunguzi Uanzie Ardhini

Kila mwaka Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na kila Halmashauri ya Wilaya imewekewa lengo la kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka. Idadi ya miche iliyopandwa huandikwa na kutolewa taarifa. Swali linaloulizwa kwa nadra ni la baadaye: mti uliopandwa miaka miwili iliyopita kando ya benchi la kupumzikia, ambao sasa umebaki kijiti kikavu, umekufa kwa sababu gani?

Majibu yaliyozoeleka ni jua kali, mchwa, mbuzi wa jirani au mlinzi ambaye hakumwagilia. Yote huweza kuwa ya kweli, lakini yana sifa moja inayofanana: ni mambo yanayoonekana bila kuinua jembe. Baada ya jibu kupatikana, kijiti hung'olewa na mche mpya huwekwa katika shimo lile lile. Huo nao ukifa, na wa tatu baada yake, hitimisho huwa kwamba eneo hilo halikubali miti. Fedha ya umma imekwisha kutumika mara tatu na kivuli hakijapatikana, ilhali hakuna aliyechimba kuona kilichomo chini.

Udongo wa bustani ya mjini si sawa na ule wa shamba au msitu. Kabla ya nyasi na mabenchi, eneo hilo kwa kawaida lilikuwa mahali pa ujenzi. Tingatinga liliondoa udongo wa juu wenye rutuba, greda likasawazisha, malori ya kokoto yakapita huku na huko, na mashine ya kushindilia ikamaliza kazi ili njia za waenda kwa miguu zisititie. Mabaki ya saruji, vipande vya matofali na mchanga uliosalia vilifukiwa hapo hapo kwa kuwa kuvisomba kungeongeza gharama. Mwishowe ilimwagwa tabaka nyembamba ya udongo mweusi, nyasi zikapandwa, na mandhari ikapendeza. Nyasi huridhika na sentimita kumi za udongo mzuri. Mti hauwezi kuridhika nazo.

Jiji la Dodoma ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Makao Makuu, ujenzi wa barabara, ofisi na makazi umekwenda sambamba na jitihada za upandaji miti, zikiwemo za kampeni ya Kijanisha Dodoma iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2017 na aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifikii milimita 600 kwa mwaka. Miezi saba inayobaki mti huishi kwa akiba iliyomo ardhini na kwa maji ya kumwagiliwa. Katika mazingira hayo kosa dogo la udongo, ambalo katika maeneo yenye mvua nyingi lingevumilika, huua.

Ili kuelewa kifo hicho ni lazima kwanza kufahamu kwamba mizizi hupumua. Udongo mzuri, ukipimwa kwa ujazo, karibu nusu yake si chembe za udongo bali ni vitundu vidogo vilivyo katikati ya chembe hizo. Baadhi vimejaa maji na vingine hewa. Mizizi huchukua oksijeni kutoka katika hewa hiyo. Mashine ya kushindilia inapopita, vitundu vikubwa vya hewa ndivyo vinavyobanwa kwanza. Mizizi hukosa pumzi, hukosa njia ya kupenya, na maji ya mvua huteleza juu badala ya kuzama. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mizizi midogo inayonyonya maji na virutubisho huwa katika sentimita 60 za juu, na mara nyingi katika 30 za kwanza, uharibifu huo hutokea pale pale mti unapoutegemea udongo zaidi.

Uchunguzi wa kitaalamu huanza kwa kutembea, kabla ya kuchimba. Mtaalamu hutazama miti iliyokufa na iliyo hai na kuchora ramani yake kwenye karatasi, hata kwa mkono. Ikiwa waliokufa ni miarobaini peke yake huku mikwaju na migunga ya pembeni ikistawi, upo uwezekano wa mdudu au ugonjwa unaoshambulia jamii hiyo ya mti. Ikiwa miti ya jamii tofauti imekufa pamoja mahali pamoja, shaka huelekea ardhini. Vifo vilivyopangika kwa mstari mnyoofu huashiria mtaro wa bomba au waya uliofukiwa. Vifo vya bondeni huashiria maji yanayotuama, na vya ukingoni mwa maegesho ya magari huweza kuashiria mafuta yaliyomwagika au udongo uliobanwa na magurudumu. Saa moja ya kutembea namna hiyo huokoa siku kadhaa za kuchimba mahali pasipohusika.

Historia ya eneo hufuata. Watu wanaoijua zaidi ni wazee wa mtaa, mafundi waliojenga na watunza bustani waliopo, ambao mara nyingi hawaulizwi. Mtunza bustani anayesema kwamba sehemu fulani "hainywi maji" ametoa taarifa ya kitaalamu kwa lugha yake. Muda wa kifo nao ni ushahidi. Mche unaokufa wiki chache baada ya kupandwa kwa kawaida ulikuja na tatizo au ulikosa maji. Unaostawi miaka miwili au mitatu kisha ukakauka kuanzia kwenye ncha za juu, mara nyingi uliishi kwa udongo wa shimo lake na kwa maji ya kumwagiliwa. Mizizi ilipofika ukutani mwa shimo haikuweza kuendelea, na umwagiliaji ulipopunguzwa mti ukabaki bila akiba.

Hapo ndipo mti wenyewe hung'olewa na kusomwa. Jambo la kwanza kutazamwa ni sehemu ambayo shina hupanuka na kugawanyika kuwa mizizi. Sehemu hiyo inapaswa kuonekana juu ya ardhi. Ikiwa shina limeingia ardhini likiwa nyoofu kama nguzo ya umeme, mti ulipandwa kwa kina kupita kiasi au ulifukiwa baadaye wakati wa kusawazisha eneo, na gome lililozikwa huanza kuoza. Jambo la pili ni umbo la mizizi. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ndani ya ndoo ilianza kujizungusha ikiwa bado kitaluni, ndani ya kiriba cha plastiki, kwa sababu mche ulikawia kupandwa. Hutokea pia, hasa siku za shughuli zenye wageni wengi na muda mfupi, mche ukashushwa shimoni pamoja na kiriba chake. Kiriba hicho hufukuliwa miaka mitatu baadaye kikiwa kizima, na mti uliokufa ukiwa ndani yake.

Rangi ya mizizi hueleza mengi. Mizizi iliyokufa kwa kiu huwa mikavu na hukatika kwa sauti. Iliyokufa kwa kukosa hewa huwa meusi, laini, na gome lake huvuliwa kwa vidole kama soksi. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu juu ya ardhi vifo hivi viwili hufanana. Mti uliozama majini hulegeza majani yake sawasawa na mti wenye kiu, kwa kuwa mizizi isiyopumua haiwezi kunyonya maji hata yakiwa yameizunguka. Mtunza bustani mwenye bidii huona majani yaliyolegea na kuongeza ndoo nyingine. Miti mingi ya mijini hufa kwa huruma ya namna hiyo, na katika mkoa mkavu kama Dodoma ni vigumu kumshawishi mtu kwamba mti umekufa kwa maji mengi.

Chanzo cha hali hiyo mara nyingi ni shimo lenyewe. Katika udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, shimo lililochimbwa vizuri na kujazwa udongo laini uliochanganywa na samadi hugeuka beseni. Maji huingia kwa urahisi kupitia udongo laini, kisha hayana pa kutokea. Ikiwa shimo lilichimbwa wakati udongo umelowa, sepeto huzipaka kuta zake na kuzifanya ziwe laini na zenye kung'aa kama chungu kilichosuguliwa kabla ya kuchomwa, na mizizi ikifika hapo hugeuka na kujizungusha. Hivyo shimo lililoandaliwa kwa ukarimu mkubwa huweza kuwa kaburi, hasa katika udongo mweusi wa mbugani ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Kipimo cha jambo hili hakihitaji maabara. Huchimbwa shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huo karibu na mti uliokufa, hujazwa maji na kuachwa yazame ili udongo ulowane. Kisha hujazwa tena, kijiti chenye alama husimamishwa ndani yake, na kina cha maji hupimwa kila baada ya saa moja. Maji yakishuka kwa chini ya sentimita 2.5 kwa saa, eneo lina tatizo la kupitisha maji. Yakikutwa bado yapo asubuhi ya siku ya pili, shauri limekaribia kwisha. Kinyume chake pia ni taarifa: maji yanayotoweka kwa dakika chache huonyesha mchanga au kifusi chenye mianya mikubwa, ambapo mti hufa kwa kiu hata ukimwagiliwa kila siku.

Baada ya hapo huchimbwa shimo la uchunguzi, lenye kina cha mita moja hivi, na ukuta wake mmoja husafishwa kwa kisu ili tabaka zionekane. Wekundu wa udongo unaoonekana katika sehemu nyingi za Dodoma hutokana na madini ya chuma yaliyokutana na hewa. Udongo huo ukikaa ndani ya maji kwa muda mrefu hupoteza wekundu na kuwa wa kijivu, wakati mwingine wenye madoadoa ya kutu. Ukuta wa shimo ulio mwekundu juu na wa kijivu kuanzia sentimita 40 kwenda chini hueleza kwamba kuanzia hapo hakuna hewa. Udongo ukinukishwa na kutoa harufu ya mayai yaliyooza, jibu ni lile lile. Vipande vya matofali, saruji na mifuko ya plastiki huhesabiwa na kuandikwa kwa kina vilipokutwa, kama inavyofanyika kwa tabaka za asili.

Mbano wa udongo hupimwa kwa fimbo ya chuma yenye ncha na saa ya kuonyesha nguvu inayohitajika kuisukuma chini. Nguvu ikifikia megapaskali 2, mizizi ya mimea mingi hushindwa kupenya. Pasipo na kifaa hicho, kipande cha nondo kinachosukumwa kwa mikono hutosha kulinganisha mahali penye mti hai na mahali penye mti mfu. Tahadhari moja ni ya lazima: kipimo hiki hufanyika udongo ukiwa na unyevu, siku moja au mbili baada ya mvua au kumwagilia. Udongo wa Dodoma mwezi Septemba hugomea kila chuma, na anayeupima wakati huo ataandika kwamba jiji zima limeshindiliwa. Kwa uhakika zaidi, pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana hupigiliwa kwenye ukuta wa shimo, udongo wake hukaushwa kwa nyuzijoto 105 na kupimwa uzito. Udongo wa mfinyanzi unaozidi takriban gramu 1.47 kwa sentimita moja ya ujazo huzuia mizizi. Kwa kichanga kikomo hicho ni karibu gramu 1.8.

Yapo pia matatizo ya kikemikali. La kwanza ni chumvi. Katika maeneo kadhaa ya kanda ya kati maji ya visima yana chumvichumvi, na kila yanapomwagiliwa, jua huondoa maji na kuiacha chumvi. Mvua chache hazitoshi kuisafisha kwenda chini. Utando mweupe huonekana juu ya udongo wakati wa kiangazi, na majani, hasa yaliyokomaa, huungua kuanzia kingoni. Maabara huona udongo kuwa na chumvi nyingi pale kipimo cha upitishaji umeme katika maji yaliyokamuliwa kutoka humo kinapozidi desisimensi 4 kwa mita.

Ndugu wa chumvi ni udongo wa magadi, ambao hauonyeshi utando mweupe daima lakini huharibu umbile la udongo. Kipimo chake cha awali ni bilauri moja ya maji ya mvua. Donge dogo kavu hutumbukizwa bila kukorogwa. Likivunjika vipande huku maji yakibaki maangavu, hali si mbaya. Maji yakigeuka kuwa kama ya maziwa kuzunguka donge, chembe za udongo zinaachana, na mvua ikinyesha chembe hizo huziba vitundu vyote. Udongo huo hutibika kwa jasi, na tiba hiyo haina maana yoyote mahali ambapo tatizo ni mbano wa tingatinga. Ndiyo maana kupima hutangulia kutibu.

Tatizo jingine la kikemikali hutokana na mabaki ya saruji na chokaa, ambayo huongeza kiwango cha alikali. Madini ya chuma yanakuwepo udongoni lakini mti hauwezi kuyachukua. Majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kuongeza mbolea ya kawaida hakusaidii. Siki kali ikidondoshwa juu ya udongo na kutoa mapovu, chokaa ipo.

Sampuli zinazohitaji maabara huchukuliwa kwa utaratibu. Kwa kila kina, kwa mfano sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, huchanganywa udongo wa sehemu kadhaa na kubakiza kama nusu kilo, katika mfuko safi ambao haukuwahi kubeba mbolea wala chumvi. Sampuli hukaushwa kivulini na kuandikwa mahali, kina na tarehe. La muhimu kuliko yote, sampuli ya pili huchukuliwa chini ya mti wa jamii ile ile uliostawi katika bustani hiyo hiyo, kwa kuwa namba peke yake bila cha kulinganisha huzua mabishano kuliko majibu. Vipimo vya udongo hufanyika katika kituo cha TARI Mlingano wilayani Muheza na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI), pia ya Morogoro, ni mahali pa kushauriana pale wadudu au magonjwa yanapohisiwa.

Kuhusu mchwa, haki yao itolewe. Wapo wanaoshambulia miche mizima, hasa ya miti ya kigeni kama mikaratusi, na katika maeneo makavu hasara yao ni ya kweli. Hata hivyo mara nyingi huja kwenye mti uliokwisha kudhoofika, na kukutwa kwao kwenye gome hakumalizi uchunguzi.

Kazi inayofuata hutegemea kilichopatikana. Penye mbano, udongo huvunjwa kwa sururu katika eneo pana kuzunguka mahali pa kupandia. Shimo lenyewe halitoshi, na kuta zake huachwa zikiwa na mikwaruzo. Mboji huchanganywa katika eneo hilo lote. Penye maji yanayotuama, mti hupandwa juu ya tuta au mtaro huchimbwa kuelekea mahali pa chini zaidi. Mwarobaini, pamoja na uvumilivu wake wa ukame, haufai kupandwa hapo kwa kuwa hauvumilii maji yaliyosimama. Penye chumvi, maji mengi kwa mara chache husafisha kuliko kidogo kila siku, mradi udongo unapitisha maji, na jamii za miti kama mvinje huvumilia zaidi. Penye saruji, kifusi hutolewa. Kwa hali zote matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 huhifadhi unyevu, yakiwekwa mbali kidogo na shina.

Kwa Dodoma muda unaofaa kwa kazi hii ni Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, isipokuwa kipimo cha mbano ambacho huhitaji eneo limwagiliwe kwanza. Shimo la maji huhitaji siku mbili, sepeto moja na ndoo chache. Matokeo yake yakiandikwa katika daftari la bustani mbele ya namba ya kila mti uliokufa, pamoja na kina cha udongo mzuri na rangi ya mizizi, afisa atakayepokea miche ya Desemba atajua mashimo yapi yajazwe, yapi yapanuliwe na yapi yaachwe wazi hadi kifusi kitolewe.